Jogoo wa Watu Wawili

Hasira ya Mayimuna ilidumu wiki kumi na moja, na Bwera nzima haikuielewa. Majirani walipitia makosa yote ambayo mume anaweza kumfanyia mke, wakakuta Shafic hakufanya hata moja. Hakumpiga. Hakuoa mwingine kule Kasese. Alichofanya ni kuchinja kuku, tena kwa bismillahi, tena akielekea kibla. Wanawake waliokuja kununua unga walimwambia hivyo pale kibandani, na kila mmoja alimalizia kwa maneno yaleyale:

"Lakini Mama Jamilah, si ni kuku tu?"

Kila mara, mkono wa Mayimuna ulisimama ndani ya unga.

Ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Kinyamaseke, akaolewa Bwera akiwa na kumi na tisa, na tangu hapo anauza unga wa muhogo hatua mia tatu kutoka mpaka wa Uganda na Kongo, mahali ambapo foleni ya malori huwa ndefu hadi madereva wanafua nguo zao na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Shafic ni mmoja wao. Fuso lake hubeba saruji kwenda na mbao kurudi. Ni mtu mwema. Kila mtu anasema hivyo, na Mayimuna mwenyewe husema hivyo, meno yakiwa yamekazana. Anasali, analeta nyama, hapandishi sauti. Ila hatazami. Huingia nyumbani kwake kama anavyopita kizuizi cha barabarani: anasalimu, anaonyesha alichobeba, anaendelea.

Jamilah, binti yao wa pekee, alipoolewa, nyumba ilibaki na ukimya mzito kama gunia lililolowa. Kahambu, mwanamke mkimbizi, aliukuta ukimya huo, akauingilia na debe.

Ilikuwa miaka mitatu kabla ya Ijumaa ile ya kuchinjwa kwa kuku. Watu walikuwa wanakimbia vita Kongo, wakivuka kutoka upande wa Beni na Butembo, magodoro vichwani, macho yao yakitazama nyuma zaidi ya mbele. Kahambu alivuka na debe la unga wa muhogo. Mayimuna alimwita kwa ajili ya ule unga, na kama afanyavyo kila mnunuzi anayejua kazi yake, alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko ahakikishe kama wa chini ni mkavu kama wa juu. Vidole vyake vikagusa kitu cha mviringo, kilaini, chenye ubaridi.

"Usitoe!" Kahambu alipiga kelele. "Iko tano. Usivunje, mama, nakuomba. Iko tano."

Hakubeba picha wala cheti. Alibeba mayai matano ya kuku weupe wa baba yake, mzee aliyefuga ukoo huohuo miaka arobaini, na ambaye majirani walikuja kuwatazama majogoo wake kila Noeli baada ya Misa, kama watu wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Mzee alikataa kukimbia. "Alisema, nani atafungulia kuku asubuhi?" Kahambu alisimulia, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena siku ile.

Mayimuna alikuwa na tetea anayetamia. Jioni ileile waliyaingiza mayai chini yake. Matatu yakaanguliwa: matetea wawili na jogoo mmoja. Kahambu alipata chumba cha kupanga karibu na mto Lhubiriha, akaanza kuuza mawese, lakini mwenye nyumba hakutaka kuku, kwa hiyo kuku wakabaki kwa Mayimuna. Ndivyo wanawake wawili walivyojikuta na jogoo mmoja.

Alikua mweupe pasipo doa, kifua mbele, upanga wa kichwani mwekundu wenye meno sita yaliyonyooka. Kahambu alimpa jina la Monsenyeri, kwa namna alivyotembea kama kasisi mkubwa siku ya sikukuu. Mayimuna alisema jina hilo haliwezi kuitwa katika nyumba inayosali sala tano, akamwita Hajji, kwa sababu ya manyoya yake meupe kama kanzu. Walipomwandikisha kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya kuku mjini Kasese, hakuna aliyekubali kushindwa, na karani akaandika kwenye kadi ya kizimba: *Monsenyeri Hajji. Wenyewe: Kahambu na Mayimuna.*

"Hii kuku iko dini gani?" aliuliza Baker, mfugaji wa Maliba, mtu mrefu mwenye majogoo meusi makubwa kama mbuzi wachanga. "Nyabo, mmeipeleka kanisani ama msikitini?"

"Imekuja kukupiga," Mayimuna alimjibu. "Mengine utauliza baadaye."

Na ikampiga. Mara ya kwanza nafasi ya pili, kisha ya kwanza, kisha ya kwanza tena. Yeyote asiyewahi kusimama kwenye uwanja ule, katika joto la Kasese lisilo na upepo, akimsubiri mwamuzi afungue bawa la jogoo wake kama mtu anayefungua barua, hawezi kujua kilichowaingia wanawake hawa. Waliongea kuku kutoka sala ya asubuhi hadi kengele ya jioni ya parokia. Waligombana kuhusu majivu ya kuulia utitiri, kuhusu mahindi na mtama. Mayimuna, aliyeishi miaka mingi akiulizwa tu bei, aliulizwa sasa anafikiri nini.

Walikuwa na siri yao. Majogoo wengi hupiga mbawa mwamuzi anapowashika. Wa kwao alitulia. Kahambu alikuwa amemfundisha Mayimuna alichofundishwa na baba yake: unamwosha jogoo kwa maji ya vuguvugu, unamfuta, unakiingiza kichwa chake chini ya bawa, unambembeleza taratibu mikononi, mara ishirini, mara thelathini, hadi mwili wote unalegea. Kisha unamlaza ubavu. Hulala hapo kama kitambaa, unampaka mafuta miguuni na kwenye upanga, unasafisha kucha moja moja, na yeye hajui. Jogoo aliyezoea kulazwa hivyo tangu utotoni haogopi mkono wa mtu.

"Usionyeshe mutu," Kahambu alimwambia. "Hata bwana yako. Ile ni ya baba."

Mayimuna aliapa. Haikuwa kazi ngumu. Shafic hakuwahi kuuliza.

Mwaka uliotangulia kideri kilipita Karusandara, kikapanda hadi Bwera, kikaua kila kijogoo waliyekuwa wamemwangua. Siku nne tu: shingo zikapinda, wakalala ubavu, wakatetemeka, wakafa. Waliosalia ni mkubwa mwenyewe na wale dada zake wawili. Katika ukoo wote wa yule mzee wa Butembo, ambaye hakuna aliyejua kaburi lake liko wapi au kama analo, jogoo alikuwa mmoja.

Ijumaa ile ilikuwa siku mbili kabla ya maonyesho. Mayimuna alimwosha Hajji saa saba, akambembeleza, akamlaza juu ya taulo kwenye mkeka wa barazani, penye jua laini. Alimpaka mawese mguu mmoja, na wa pili, na upanga. Mafuta ya mgando kwa ajili ya mdomo yalikuwa yamekwisha. Duka liko hatua hamsini. Aliacha maji ya moto jikoni kwa ajili ya kumfuta mara ya mwisho, akatoka.

Shafic alirudi kutoka sala ya Ijumaa.

Mayimuna alipofika kwenye kona, alimwona mumewe amesimama uani na kanzu yake safi, mikono imekunjwa hadi viwikoni, uso umejaa furaha ya mtu aliyeokoa kitu motoni.

"Mama Jamilah!" aliita. "Mungu mkubwa. Nimewahi!"

Maji ya moto aliyoyaacha yalikuwa kwenye karai. Manyoya meupe yalikuwa yameanza kutoka.

"Niliikuta inalala chini," Shafic aliendelea, "kichwa imeingia kwa bawa. Nikajua ni kideri ile. Nikaigusa, ikapiga teke moja kali. Nikasema, tuache ikufe mzoga? Nikakimbilia kisu. Ilikuwa bado na nguvu, wallahi, damu ilitoka mzuri sana. Nimewahi."

Mayimuna hakupiga kelele. Majirani waliokuja kuchungulia walisema baadaye kwamba alizungumza kama afisa wa forodha.

"Uliikuta wapi?"

"Hapa kwa mkeka."

"Juu ya nini?"

"Juu ya... taulo."

"Miguu yake ilikuwa namna gani?"

Shafic alifikiri. "Ilikuwa nang'aa."

"Kuku anayekufa, Shafic, nani humtandikia taulo? Nani humpaka mafuta miguu?"

Furaha ilianza kumtoka usoni taratibu, kuanzia kwenye paji.

"Alikuwa amelala," Mayimuna alisema. "Nilimlaza mimi. Miaka mitatu namlaza kwenye baraza hiyo, na miaka mitatu wewe unapita. Hukusimama dakika mbili, hata mara moja, uone mkeo anafanya nini na mikono yake. Siku uliyosimama, umesimama na kisu."

"Mimi nilitaka nyama isiharibike, Mama Jamilah. Hiyo ni dhambi?"

"Nusu ya jogoo huyu ni ya Kahambu. Hiyo nusu ulichinja kwa ruhusa ya nani?"

Shafic alianza kuteremsha mikono ya kanzu. Anasali, neno amana halikuhitaji kutajwa ili alisikie.

"Kama ungeniambia," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Kama ungeniambia kwamba nyinyi mnalaza kuku, mimi ningejua wapi?"

Hilo ndilo lililompandisha hasira kweli, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliapa asimwonyeshe, hakumwonyesha, na kiapo chake ndicho kilichonoa kile kisu. Alichukua karai na kitambaa, akavitia mikononi mwa Shafic.

"Twende. Utamwambia wewe."

Kahambu alikuwa ameketi mlangoni kwake kati ya madumu ya mawese. Aliwaona kutoka mbali, akacheka.

"Baba Jamilah na karai! Leo kuko sikukuu gani? Munaniletea chakula?"

Shafic aliweka karai chini, akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuficha, na kila neno lilizidi kuwa baya. Kahambu alifunua kitambaa. Mwili ulikuwa umenyonyolewa nusu. Upanga ulikuwa bado unang'aa kwa mafuta.

Kahambu aliugusa kwa ncha ya kidole. Mlimani mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mashamba ya kahawa, na foleni ya malori ikapiga honi, ikanyamaza, ikapiga tena.

"Ile asubuhi tulikimbia," alisema, "nilisikia majogoo ya baba mu lupangu, mu kiwanja yake, mpaka ng'ambo ya mto. Kisha sikusikia tena. Huyu ndiye aliniletea ile sauti. Kila asubuhi nilikuwa nafungua dirisha, naisikia kutoka kwenu mpaka hapa." Alimgeukia Mayimuna, si Shafic. "Nilikupa wewe. Sikumupa yeye."

"Najua," Mayimuna alisema.

"Alitengwa na matetea siku gani?"

"Jumapili."

Kahambu alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Mbegu yake ingali mu tumbo yao. Siku ine ingine, ao tano. Mayai ya tangu Jumapili iko wapi?"

Mayimuna alimtazama mumewe. Kila asubuhi, kabla ya safari, Shafic hunywa chai kwa mayai mawili.

"Nilikula," Shafic alisema.

"Yote?"

"Imebaki ya jana na leo."

Kwa mara ya kwanza Kahambu alimtazama yule mwanamume, na hakusema kitu, na Mayimuna alitamani angesema.

"Mayai ikae kwako," alimwambia Mayimuna, "sababu mi sina mahali pa kuweka tetea. Lakini jogoo ikitoka, nitakuja na kitunga, nitaipeleka kwa dada mu Kasese. Haitalala tena mu ile nyumba. Na ile mambo ya majina mbili kwa kadi, iishe."

Nyama hakuna aliyeweza kuila. Salmah wa jirani aliichukua, akaipika, na kesho yake akaja kusema ilikuwa tamu. Mayimuna hakumsalimu mwezi mzima.

Jumapili alimpandisha Shafic gari hadi Kasese, akamketisha kwenye kiti cha plastiki kando ya kizimba kitupu chenye kadi yao. "Atakayeuliza," alisema, "utamjibu."

Wakauliza. Uwanja mzima uliuliza. Na kilichomchoma Mayimuna, aliyekuwa amesimama nyuma yake na mikono kifuani, ni kwamba wengi walimpa pole Shafic. "Hata mimi ningechinja, ssebo." "Ulifanya vizuri, kuliko itupwe." Shafic aliitikia kwa kichwa, na kila pole ilimfanya awe mdogo zaidi kitini.

Kahambu alikuja baada ya Misa. Alisimama upande wa pili wa kizimba, hakumsalimu mtu. Walikuwa wamesimama hivyo, watu watatu na hewa iliyozungushiwa waya, Baker alipoanza kumwandaa jogoo wake mezani jirani yao. Aliweka gunia. Alichukua jogoo mweusi, akaingiza kichwa chake chini ya bawa, akambembeleza mbele ya kila mtu, akipiga mluzi. Akamlaza. Jogoo akabaki ubavu, amelegea, jicho limefumba, miguu imenyooka.

Shafic alisimama. Alimtazama yule jogoo kama mtu anayemtazama maiti anayemfahamu.

"Imekufa?" aliuliza.

"Nani, hii?" Baker alipiga makofi mara mbili. Jogoo akaruka, akajikung'uta, akawika. Watu wakacheka. Shafic alinyoosha mkono kumgusa, na Baker akamkinga kwa mwili wake. "Afande wa kisu, wewe kaa mbali!"

Kicheko kikazidi. Mayimuna hakucheka. "Nani alikufundisha hiyo?" alimwuliza Baker, na sauti yake ilikuwa na kitu kilichomfanya Baker aache mzaha.

"Kufundisha? Nyabo, Maliba hii watoto wanafanya. Jjajja yangu, babu yangu, alikuwa nafanya."

Mayimuna alimgeukia Kahambu. Miaka mitatu ya kufunga mlango. Miaka mitatu ya kutazama huku na huku kabla ya kumshika jogoo, ya kumnyamazia mtu anayelala naye kitanda kimoja, kwa ajili ya jambo ambalo watoto wa Maliba walilijua. Hasira iliyokuwa imemlenga mtu mmoja ikafumuka pande zote: kwa mume asiyetazama, kwa rafiki aliyefunga kitu kisicho na kufuli, kwake yeye mwenyewe aliyeufurahia ule ufunguo.

"Kumbe," Kahambu alisema polepole. "Mi nilizani ni ya baba peke yake." Alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, akaondoka kabla ya waamuzi kuanza. Baker akachukua nafasi ya kwanza. Hakuna aliyempigia makofi kwa nguvu.

Mayai yaliyotamiwa yalikuwa saba. Shafic alikunywa chai kavu asubuhi baada ya asubuhi na hakulalamika, na kutolalamika kwake kulimkera Mayimuna kuliko malalamiko. Siku ya ishirini na moja vilitoka vifaranga vinne, vyote vyeupe. Kimoja kilikufa. Cha kwanza kilionekana mapema kuwa tetea. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kilikaa wiki nyingi bila kusema ni nini. Mayimuna alikitazama kila siku akijua kwamba anachokiombea ndicho kitakachochukuliwa. Wiki ya nane upanga mdogo ulipanda kichwani, mwekundu, wenye meno sita.

Alimpelekea Kahambu habari kwa mdomo wake mwenyewe, ili asisikie kwa wengine. Tangu Kasese walikuwa wamezungumza bei ya mawese tu.

Kahambu alikuja kesho yake asubuhi, na kitunga kipya chenye mfuniko. Alikuta Fuso barabarani, injini inanguruma, taniboi, msaidizi wake, ameegemea honi, na Shafic mlangoni na chupa yake ya chai.

"Nimefuata jogoo," alisema.

Mayimuna aliingia bandani, akatoka na kijogoo, akatandika taulo juu ya ule mkeka. Alikiingiza kichwa chini ya bawa. Alimbembeleza mara ishirini, mara thelathini, mbele ya wote, mlango wa ua ukiwa wazi hadi barabarani. Kisha akamlaza ubavu, akamwelekea mumewe. Kisu cha jikoni kilikuwa palepale ukutani.

"Kaa," alisema. "Tazama."

Shafic aliweka chupa chini. Alikaa kwenye sakafu, magoti yakilia, karibu na kile kitu cheupe kilicholegea. Honi ikapiga. Nzi alitua kwenye jicho la kijogoo. Shafic alimfukuza kwa kidole, taratibu, akauacha mkono wake hapohapo, kivuli chake juu ya kichwa kidogo. Honi ikapiga tena, ndefu, ya matusi.

"Fuso inakuita," Kahambu alisema.

"Inisubiri."

Dakika zilipita. Mayimuna, amesimama, hasira yote ingali kifuani, aliona kitu ambacho hakuwa amekiona katika miaka thelathini: macho ya mumewe yamesimama mahali pamoja. Yalifuata ubavu mwembamba ukipanda na kushuka. Yaliona mguu ukikunjuka. Kijogoo alipopiga teke, teke kali la kuamka, mabega ya Shafic yalishtuka, lakini mkono wake haukuondoka. Ulibaki wazi, mtupu, hadi ndege alipojiinua mwenyewe, akajikung'uta, akapita juu ya goti lake kwenda kutafuta mchwa.

"Ndiyo hivi," Shafic alisema, akimtazama bado. "Ndiyo hivi ilikuwa."

Aliinuka, akachukua chupa yake, akaenda.

Kahambu alikaa kidogo akimtazama kijogoo akichakura. Kisha akaokota kitunga, akapima uzito wake mtupu mkononi, akakitundika begani.

"Mi ningali na hasira," alisema.

"Na mimi," Mayimuna alisema.

"Umupe mutama, siyo mahindi. Baba alikuwa anapatia mutama."

"Mahindi," Mayimuna alisema. "Mtama unamkausha manyoya. Nilikuambia mwaka juzi."

Kahambu alifyonza, akatoka nje. Mfuniko wa kitunga ulikuwa unagongagonga mgongoni mwake hadi alipopotea kati ya malori.